Ukisema "kura ya maoni", mwenzako anasikia nini? Tulijadili neno KURA

#1 Mleta uzi (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai aivute karibu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha insha za uchaguzi. Kijana mmoja kaandika: "Mwaka 2010 ilipigwa kura ya maoni, babu yangu akagombea ubunge, akashindwa." Nikamkata alama mbili, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: kura ya maoni haina mgombea.

Kesho yake akanifuata ofisini, daftari mkononi, kwa adabu kabisa. "Mwalimu, shikamoo. Babu aligombea kweli. Zilikuwa kura za maoni za chama."

Nikakaa nikatafakari, nikaona kosa ni langu. Tazameni ule mwaka ulivyokuwa. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuamua kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Tarehe 4 Agosti, siku nne tu baadaye, Wakenya nao wakapiga kura ya maoni na kuipitisha katiba yao mpya. Na siku zilezile za mwanzo wa Agosti, huku Bara wana-CCM walikuwa kwenye kura za maoni kutafuta nani atapeperusha bendera ya chama katika ubunge. Jina ni lilelile. Wawili wa kwanza wanaulizwa swali na jibu ni ndiyo au hapana, wa tatu wanawachuja watu. Ongezeni na waandishi wa habari, ambao mtu akipigiwa simu na kuulizwa "uchaguzi ukifanyika leo utamchagua nani" nayo wanaiita kura ya maoni, wakati hapo hakuna kura yoyote iliyopigwa.

Kijana nimemrudishia alama zake mbele ya darasa. Lakini tangu siku hiyo neno hili halinipi usingizi, ndiyo maana nimelileta kwenu.

Nianze na asili. Kura limetokana na Kiarabu, *qur'a*, na huko maana yake ni ile kura ya bahati: vijiti, vikaratasi au kokoto zinazochanganywa, mtu anaokota moja na jambo linaamuliwa. Kwa hiyo kura ya bahati ndiyo kongwe, na hii ya kuchagua viongozi imekuja kukaa juu yake. Wala ile kongwe haijafa. Mama yangu yumo kwenye upatu wa akina mama kumi na wawili hapa mtaani. Kila mzunguko ukianza wanachana karatasi ya daftari la hesabu, ile ya mraba, wanaandika namba moja hadi kumi na mbili, wanazikunja ndogo kama punje za mahindi na kuzitia kwenye kikombe cha bati. Kisha anaitwa mtoto mdogo kuliko wote waliopo, maana mkono wake haujui hila. Anakitikisa, anamwokotea kila mama karatasi yake. Mwaka jana mama aliangukiwa na namba kumi na moja, na karo ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa mwezi uleule. Alikunja tena kile kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kanga, akasema "kura ndiyo hiyo". Hakuna aliyemkosea, hakuna wa kumlalamikia.

Na hapo ndipo panaponiuma. Sentensi hiyohiyo, "kura ndiyo hiyo", nawasikia watu wakiisema baada ya matokeo ya uchaguzi, kwa sauti ileile ya mama na kikaratasi chake, kana kwamba diwani naye aliokotwa kikombeni. Kura ya upatu haina mwenye kuulizwa. Kura ya uchaguzi inao wenyewe, kila mmoja ana yake, na kuna aliyezihesabu. Neno limebeba vitu viwili ambavyo tabia zao hazifanani hata kidogo, na sisi walimu hatuwaambii watoto.

Visawe tunavyowakaririsha navyo naona si visawe. Uchaguzi ni shughuli nzima, tangu kuandikishwa hadi kuapishwa. Kuchagua unaweza kuchagua hata embe sokoni. Uteuzi ni wa mtu mwenye mamlaka, yeye na kalamu yake. Mpiga kura hateui, ingawa kila uchaguzi nasikia redioni "wananchi wamemteua mbunge wao".

Karibuni. Leteni mnachosema kwenu.

#2 Mtoto wa Kisauni (Mombasa)

Mwalimu, uzi mzuri sana huu. Sisi huku hilo la chama tunaliita mchujo. Kura za mchujo. Latoka kwenye kuchuja, kama unavyochuja tui la nazi: machicha yabaki kwenye kifumbu. Ukimwambia Mkenya kuna kura ya maoni, moja kwa moja ajua ni katiba. Ya 2005 tulipiga kwa alama za matunda, ndizi kwa wanaoikubali rasimu na chungwa kwa wanaoikataa. Chungwa likashinda, na chama cha ODM kikazaliwa kutokana na kampeni ile, hata leo alama yake ni chungwa. Ya 2010 ikawa rangi, kijani na nyekundu.

Nawashauri ndugu zetu mlichukue mchujo, mtapumzika.

Na umeliacha debe. Hapa kwetu mwanasiasa akitaka ubishi uishe asema "tukutane debeni".

#3 Mleta uzi

Ahsante sana ndugu yangu. Debe kwetu tunalitumia zaidi kwenye kupigia debe. Debe lenyewe ni lile bati la mafuta ya taa, na ukiligonga likiwa tupu linasikika mtaa wa pili. Wapiga debe wa stendi wanagonga ubavu wa basi kuita abiria, na anayemnadi mgombea tunasema anampigia debe. Sasa kwenu debe hilohilo ndilo sanduku la kutumbukizia kura, ambalo siku hiyo halitakiwi kupiga kelele yoyote. Chombo kimoja, kwetu kina kelele za kabla ya siku, kwenu kina ukimya wa siku yenyewe. Sikuwahi kuliona hili mpaka ulipolitaja.

Mchujo naukubali kwa mikono miwili. Tatizo letu ni kwamba chama chenyewe kimezoea kusema kura za maoni, na sababu ninaielewa: zile kura hazikati shauri, wajumbe wanatoa maoni yao halafu vikao vya juu ndivyo vinavyoteua. Anayeongoza anaweza kuachwa. Kwa hiyo neno "maoni" pale linasema ukweli.

#4 Karani wa Zamani (Mwanza)

Mwalimu, nimefanya kazi vituo vya kupigia kura chaguzi tatu, nichangie kidogo kwa niliyoyaona.

Watu wengi hawajui neno kituturi. Ni kile kizuizi kinachosimamishwa juu ya meza ili mtu aweke alama yake ya vema bila kuonekana. Wengi wanasema "kile kiboksi". Neno zuri lile, linafaa kutunzwa. Na kuna lakiri, zile za kufungia sanduku, kila moja na namba yake, mawakala wanazinakili kabla kazi haijaanza.

Nililotaka kusema ni hili. Kulikuja bibi mmoja, mzee sana, mwaka ule nilipokuwa mwongozaji. Nikampa karatasi, akaingia kwenye kituturi, akakaa. Akatoka ameishika imekunjwa, amesimama katikati ya chumba, kanga imemteleza begani. Akaniuliza, "Mwanangu, nimeshapiga?" Nikamwambia bado bibi, mpaka uitumbukize. Akaisogeza mpaka kwenye tundu la sanduku, akaiachia, akainamisha sikio. Alikuwa anataka kuisikia ikianguka. Ndipo akasema "sasa nimepiga".

Tangu siku ile nikaelewa kuwa karatasi ni karatasi. Inageuka kura ikishaachia vidole.

#5 Mtoto wa Kisauni (Mombasa)

Karani umenikumbusha kesi ya 2013. Jambo lilo hilo lako la bibi lilifika Mahakama ya Juu yetu, wallahi. Kifungu cha 138(4) cha katiba yetu chataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, tena apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Likaja swali: zile karatasi ambazo zimo sandukuni lakini zimekataliwa kwa kuwa mtu kaweka alama mbili au hakuweka kitu, nazo ni "kura zilizopigwa"? Ukizitia kwenye hesabu, nusu yapanda na mshindi akaribia kushuka chini yake. Ukizitoa, apumua.

Mahakama ikaamua kuwa zilizokataliwa hazihesabiki. Kwa maneno mengine, karatasi isiyo halali haikuwa kura, hata kama ilianguka sandukuni na bibi akaisikia.

Na kuna tofauti ambayo magazeti huichanganya kila mara. Karatasi iliyoharibika ni ile uliyoikosea ukiwa bado umeishika, wairudisha kwa afisa wapewa nyingine. Kura iliyokataliwa ishaingia sandukuni, haina tena marejeo. Wao huandika zote "zilizoharibika". Katika nchi ambayo urais wakaribia kuamuliwa na tofauti hiyo, lile si kosa dogo.

#6 Mleta uzi

Hapo umenigusa kabisa. Na kwetu tunasema "kura zimeharibika" kwa zote mbili, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Kuanzia kesho darasani: karatasi inaharibika, kura inakataliwa.

#7 Ustadhi wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Oman miaka mingi.

Mwalimu yuko sahihi kuhusu qur'a. Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba alipotaka safari alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, aliyeangukiwa ndiye huenda naye. Qur'ani nayo inataja kisa cha kutupa kalamu ili ijulikane nani atamlea Maryamu, na kisa cha Nabii Yunus ndani ya jahazi. Ndugu zetu Wakristo wanacho kisa hichohicho cha Yona, na Biblia ya Kiswahili inasema kura ikamwangukia. Tazama kitenzi: kura ndiyo inayoanguka, mtu anaangukiwa tu.

Waarabu wa leo wana maneno mawili. Tendo la kwenda kupiga kura wanaliita *iqtiraa*, mzizi uleule wa qur'a. Lakini ile kura yako moja wanaiita *sawt*, ndiyo sauti yetu hii. Kiswahili kiliyachukua yote mawili, kura na sauti, ila sauti ikabaki ya kooni. Mtu wetu akisema "nimepoteza sauti" anatafuta tangawizi.

Na hapa Oman uchaguzi wa Majlis al-Shura wa Oktoba 2023 ulifanywa wote kwa programu ya simu. Karatasi hakuna, sanduku hakuna, kituturi hakuna. Nilimwona jirani yangu amekaa barazani anabonyeza. Nikamuuliza mke wangu kwa Kiswahili, "ameshapiga kura?" Neno halikugoma hata kidogo. Piga ni kitenzi kipana: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki.

#8 Wa Jinja

Huku Uganda kuna kitu mtakipenda. Kwa Luganda kura ni *akalulu*, na kupiga kura ni *okukuba akalulu*. Okukuba ni kupiga. Na kwenye Biblia ya Luganda wale mabaharia wa Yona wanapiga *obululu*, yaani wingi wa neno hilohilo. Kwa hiyo Waganda nao wametoka kwenye kura ya bahati wakafika kwenye kura ya uchaguzi, na kitenzi chao ni piga kama chenu. Njia tofauti, wamefika palepale.

Rwanda wanasema *gutora*, na neno hilo ni kuokota pia, hata kitu kilichoanguka chini.

#9 Mleta uzi

Hili la Luganda nimelisoma mara tatu. Ustadhi, Wa Jinja, Mungu awazidishie.

Kuna mtu kaniuliza inbox kuhusu kura ya turufu, nimjibu hapa. Turufu tumeichukua kwa Wareno, na wacheza karata wanaijua: ni ile karata inayoila karata yoyote. Magazeti yanatumia kura ya turufu kwa mambo mawili. Moja ni ile ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambapo Marekani, Urusi, China, Uingereza au Ufaransa akisema hapana, azimio limekufa hata wengine wote wakikubali. Nyingine ni ya mwenyekiti wa kikao pande zikilingana. Ya kwanza inazuia walio wengi. Ya pili inaamua pale ambapo hakuna walio wengi. Mimi turufu ningewaachia wale watano, na ya mwenyekiti niiite kura ya uamuzi.

#10 Mzee wa Isevya (Tabora)

Vijana, marahaba kwa wote. Mmesema mengi ila mmenirukia mji wangu.

Hapa Tabora, Januari 1958, TANU ilikutana na ajenda ilikuwa neno hilihili. Mkoloni alileta utaratibu ambao sisi tuliuita Kura Tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Usipochagua wote watatu, karatasi yako ni batili. Na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya elimu au kipato, mojawapo likiwa pauni 150 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa tumbaku wa hapa hakuziona. Wengi walitaka tususe. Mwalimu Nyerere akasimama akawashawishi tuingie hivyohivyo, wakakubali kwa shida, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake. Chaguzi zikafanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU ikashinda kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali msimamo wake.

Baba yangu mpaka anakufa alikuwa akisema "kura tatu" kwa uchungu. Kwake kura ilikuwa hesabu ya nani ni mtu kiasi gani. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu wachache, na kila kabila la rangi linapewa kiti sawa. Ndiyo maana kizazi chetu kilipodai "mtu mmoja, kura moja" kulikuwa na maana nzito, si wimbo wa mkutanoni.

Baadaye ikaja zama ya chama kimoja. Ubunge walisimama wawili wa chama kilekile, mmoja alama yake jembe mwingine nyumba. Urais Ndiyo au Hapana. Watu wa umri wangu ukiwauliza mwaka fulani walimchagua nani, watakujibu "nilipiga jembe".

#11 Mtoto wa Kisauni (Mombasa)

Shikamoo mzee. Kwetu 1988 kulikuwa na mlolongo. Chama tawala cha KANU kiliwapanga watu mstari nyuma ya mgombea au mwakilishi wake, mchana kweupe, na aliyepita asilimia 70 hakuhitaji tena kura ya siri. Marehemu mamangu alisimama kwenye foleni asiyoitaka kwa sababu chifu alikuwa anamtazama. Hakuwahi kusema "nilipiga kura 1988". Alisema "nilipangwa".

#12 Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo, na pole ndugu yangu wa Kisauni. Nimeyanakili yote mawili kwenye daftari la maandalio, neno kwa neno. "Nilipangwa" hiyo nitaifundisha, maana hakuna kamusi itakayompa mwanafunzi tofauti ya kupiga na kupangwa kama mama yule alivyoitoa.

#13 Diaspora (Virginia)

Mwalimu nimekuwa msomaji tu, ila hili lazima niseme. Mlianza na kura mbili, ya bahati na ya uchaguzi. Hapa Virginia zilikutana chumba kimoja.

Uchaguzi wa bunge la jimbo wa 2017, wilaya ya 94. Baada ya kuhesabu na kurudia na mahakama kuingia, David Yancey alikuwa na kura 11,608 na Shelly Simonds kura 11,608. Sawasawa. Sheria hapa inasema basi ipigwe kura ya bahati. Tarehe 4 Januari 2018 majina yakaandikwa kwenye vikaratasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo kidogo cha filamu ya kamera, vikopo vikatiwa kwenye bakuli la kauri. Likakorogwa, ofisa akaokota. Yancey. Na si kiti hicho tu, chama chake kikabaki na wabunge 51 kwa 49 badala ya kugawana 50 kwa 50.

Nilikuwa natazama nikamkumbuka shangazi na upatu wake Kigamboni. Nikataka kumwandikia habari ile kwa Kiswahili, nikakwama: "kura zilipolingana, wakapiga kura". Hakunielewa. Akanijibu, "si walishapiga?"

#14 Mleta uzi

Dada au kaka, sentensi hiyo nimeiandika ubaoni leo asubuhi kama ilivyo: *Kura zilipolingana, wakapiga kura.* Nikawaambia darasa wairekebishe ili shangazi wa Kigamboni aelewe.

Majibu yalikuwa mengi. Mmoja akasema wachezeshe droo, kama ya mpira. Mwingine akasema bahati nasibu, wenzake wakamkatalia kwa kuwa hiyo ina tiketi na zawadi. Ilichukua karibu kipindi kizima. Mwishoni yule kijana wa babu aliyegombea akanyoosha mkono, akaja mbele, akafuta neno moja tu, akaandika: *Kura zilipolingana, wakaokota kura.*

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, ile ya kwanza kila mtu alipiga ya kwake. Hii ya pili si ya mtu, ipo tu kwenye bakuli."

Diaspora, mtumie shangazi hiyo, halafu uturudishie jibu lake.

#15 Diaspora (Virginia)

Nimemtumia sasa hivi. Kajibu kwa sauti, nanukuu: "Aaa, kumbe waliokota! Kama sisi. Na aliyeokota alikuwa mtoto?"

Nimemwambia hapana shangazi, mtu mzima. Anasema hapo walikosea.